Maswali ya Wasomaji: Uzito wa Mwili na Mzunguko wa Hedhi kwa Wasichana

Barua nyingi zilizofika mezani kwangu kutoka Tanga mjini na vitongoji vyake zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: je, wembamba au unene wa msichana una uhusiano na kuchelewa, kukatika au kuvurugika kwa hedhi yake? Uhusiano upo, tena ni wa karibu, lakini si ule unaosimuliwa mitaani. Nimechagua barua nne na kuzifupisha bila kubadili maana, na majina nimeyaacha kwa ajili ya stara ya walioandika. Atakayejiona ndani ya barua ya mwenzake asome jibu lake kwa makini, kisha aende akapimwe, kwa kuwa maelezo ya jarida hayachukui nafasi ya vipimo.

Shikamoo mama. Nina miaka 20, nasoma chuo, nyumbani ni Chumbageni. Dada yangu alipoposwa niliamua kupungua ili sare ya harusi inikae vizuri. Nilikuwa na kilo 58, sasa nina 45, na urefu wangu ni sentimita 163. Asubuhi nakula yai moja na chai ya rangi isiyo na sukari, mchana maharage na mchicha bila wali wala ugali, usiku tango na karoti. Kila alfajiri nakimbia hadi Raskazone na kurudi, kama saa nzima, na Jumatatu na Alhamisi nafunga. Harusi ilishapita, lakini kila nikijaribu kula kama zamani naingiwa na hofu. Hedhi yangu ilikuwa haikosei. Nilipofika kilo 51 ilianza kuwa nyepesi, na nilipofika 49 ikakatika. Sasa ni mwezi wa tano siioni. Wenzangu wananiambia nimepata bahati ya kupumzika. Je, itarudi yenyewe?

Marahaba mwanangu. Nakushukuru kwa kuandika kilo zako na chakula chako bila kuficha, kwa sababu jibu limo humo humo. Kabla ya yote, pima mimba. Sikudhanii vibaya, hilo ndilo swali la kwanza ambalo mhudumu wa afya anawajibika kumuuliza msichana yeyote aliyekosa hedhi, na kipimo cha mkojo hukamilika kwa dakika chache. Kama mimba haipo, basi nina sababu kubwa ya kuamini kwamba hedhi yako imekatika kwa njaa, ingawa wewe huiiti njaa.

Hedhi haianzii kwenye mji wa mimba. Inaanzia kichwani, katika sehemu ndogo ya ubongo iitwayo haipothalamasi, ambayo hutoa amri zake kwa mapigo, takriban kila baada ya dakika 60 hadi 90 katika nusu ya kwanza ya mzunguko. Amri hizo hupokewa na tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo, nayo hutuma homoni mbili kwenye ovari ili yai lipevuke. Ovari nazo hutoa estrojeni na projesteroni, ambazo hujenga ukuta wa ndani wa mji wa mimba na kisha kuuacha uporomoke, na huko kuporomoka ndiko tunakokuona kama damu ya mwezi. Mwili unapopokea chakula kidogo kuliko kazi unayoifanya, haipothalamasi hupunguza mapigo yake. Ovari hazina ugonjwa wowote. Zimekosa amri tu. Kaya iliyobakiwa na unga wa siku mbili haipangi harusi, na mwili wa mwanamke usio na akiba haujitayarishi kubeba mtoto.

Watu walilijua jambo hili kwa macho muda mrefu kabla ya wataalamu kulipima. Katika majira ya baridi ya mwaka 1944 na 1945, Uholanzi ilipokumbwa na njaa kali ya vita, wanawake wengi walikatikiwa na hedhi, na chakula kiliporudi hedhi nazo zilirudi. Mwaka 1974, Rose Frisch na Janet McArthur wa Marekani walichapisha maelezo kwamba msichana huhitaji mafuta ya takriban asilimia 17 ya uzito wake ili avunje ungo, na asilimia 22 hivi ili hedhi iendelee kwa mpangilio. Wataalamu waliofuata walizitilia shaka tarakimu hizo, kwa kuwa wapo wanawake wenye mafuta pungufu ya hapo wanaoendelea kupata siku zao vizuri, na wapo wenye mafuta zaidi ambao hedhi zao zimekatika. Hata hivyo, wazo la msingi lilibaki: ubongo unapelekewa habari za akiba. Mwaka 1994 kundi la Jeffrey Friedman huko New York lilipogundua homoni ya leptini, inayotolewa na mafuta ya mwili, mjumbe mmoja wa habari hizo alipata jina. Leptini hushuka haraka mtu anapopunguza chakula ghafla, hata kabla mafuta yenyewe hayajaisha.

Sasa rudi kwenye kilo zako. Kliniki hugawanya uzito wa kilo kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, na matokeo huandikwa BMI. Kwa mtu mzima, kati ya 18.5 na 24.9 huhesabiwa kuwa kawaida. Ulipokuwa na kilo 58 ulikuwa na 21.8, yaani hukuwa mnene hata kidogo. Hedhi ilikatika ukiwa na 18.4, hatua ndogo tu chini ya mpaka, na leo uko kwenye 16.9, kiwango ambacho mimi sikichukulii kama jambo dogo. Zingatia kwamba hedhi ilianza kuwa nyepesi kwenye kilo 51, ambapo BMI yako ilikuwa 19.2 na yeyote angekuambia kwamba uzito wako ni mzuri. Mizani ilisema hakuna tatizo wakati ubongo ulikwisha kuanza kupunguza amri.

Sababu ni kwamba ubongo hauangalii mizani peke yake, bali unaangalia kinachobaki baada ya mazoezi kuchukua sehemu yake. Wachunguzi wa wanamichezo wameona kwamba mapigo yale ya homoni huanza kuvurugika nishati inayobaki inaposhuka chini ya kilokalori 30 hivi kwa siku kwa kila kilo ya mwili isiyo mafuta. Kwako kilo hizo zisizo mafuta zinaweza kuwa 37 au 38, kwa hiyo zinahitajika zaidi ya kilokalori 1,100 zibaki baada ya mbio. Chakula ulichonitajia, hata nikikikadiria kwa ukarimu, hakifiki 700, na saa moja ya kukimbia huchukua kama 350. Mwili wako unaendesha moyo, ubongo, figo na joto lake kwa kiasi kisichomtosha hata mtoto mdogo. Nisingeshangaa ukiniambia kwamba mikono yako huwa ya baridi katika joto la Tanga, kwamba nywele zinabaki kwenye kitana, na kwamba ukisimama ghafla unaona kizunguzungu.

Kwa hiyo wenzako wanakosea wanaposema umepumzika. Estrojeni iliyopungua haiondoi damu ya mwezi tu. Ndiyo inayolinda mifupa, na umri wako ndio wa mwisho wa kuweka akiba ya mifupa ambayo utaitumia hadi uzeeni. Msichana anayekaa mwaka mzima au zaidi bila hedhi kwa sababu ya njaa anaweza kupoteza uimara wa mifupa ambao haurudi wote. Jambo hili linaniumiza moyo, kwa sababu halina maumivu yoyote ya kumwonya mtu mapema.

Itarudi yenyewe? Itarudi ukiirudishia chakula. Kwa wasichana waliokatikiwa na hedhi kwa kujinyima, mara nyingi hurudi uzito unapopita kidogo ule ulioikatia, kama kilo 2 juu yake, na mara nyingi mwili huchukua miezi kadhaa hata baada ya kuufikia uzito huo. Kwako hiyo ni kilo 51, lakini kwa kuwa hapo ndipo ilipoanza kuwa nyepesi, ningependa ulenge 54 au zaidi. Usirudi kwa pupa. Anza kwa kuurudisha wanga kila mlo: viazi vitamu au muhogo wa nazi asubuhi pamoja na yai lako, wali au ugali mchana kando ya maharage yale yale, na usiku samaki au dagaa na chochote cha kushibia. Kati ya milo kula karanga, korosho au mtindi. Nazi unayoiogopa ni chakula, nayo imewalea bibi zako wa pwani hii. Mbio zisimamishe kwa sasa, au uzigeuze kuwa matembezi mafupi, hadi uzito upande na hedhi ionekane.

Kuhusu saumu, sina neno na ibada yako. Funga ya sunna ya siku 2 kwa wiki, kwa mtu mwenye uzito wa kutosha, anayefuturu na kula daku ipasavyo, si jambo la kumkatia hedhi. Lakini wewe unafunga ukiwa na upungufu, na unafuturu kwa tango. Ningekushauri uzungumze na mwalimu wako wa dini kuhusu kuzisitisha hadi upone, na umweleze hali yako yote kama ulivyonieleza mimi.

Yapo mambo mawili ambayo usikubali kuambiwa kinyume chake. Vidonge vya uzazi wa mpango vinaweza kukuletea damu kila mwezi, lakini damu hiyo ni ya vidonge. Haionyeshi kwamba ubongo umeanza tena kazi, wala haitegemewi kulinda mifupa yako. Na kukosa hedhi hakumzuii mtu kupata mimba, kwa sababu yai hutangulia kupevuka kabla ya damu ya kwanza kuonekana.

Limebaki lile neno uliloandika katikati ya barua kama la kupita tu, kwamba ukijaribu kula unaingiwa na hofu. Mimi naliona zito kuliko hedhi yenyewe. Ikiwa hofu hiyo inakuzuia kula hata unapotaka, au unajitapisha, au umewahi kuzimia, huo ni ugonjwa wenye matibabu na hauna aibu, na usijaribu kuutibu peke yako chumbani. Nenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo, au kituo cha afya kilicho karibu nawe, useme waziwazi kwamba hedhi imekatika miezi mitano na kwamba umepungua kilo 13. Watapima mapigo ya moyo, damu, tezi ya shingo na homoni ya prolaktini, kwa kuwa hizo mbili za mwisho nazo huweza kukata hedhi. Mwambie na mama yako, au huyo dada yako aliyeolewa. Mtu mmoja wa nyumbani anayekaa nawe mezani ana msaada mkubwa sana katika ugonjwa huu.

Mama mwenzangu, salaam aleikum. Naandika kutoka Pongwe kwa ajili ya binti yangu wa miaka 17. Alivunja ungo akiwa na miaka 11. Ana kilo 84, urefu sentimita 156. Hedhi yake hupita miezi miwili au mitatu bila kuonekana, kisha huja kwa wingi siku 10 hadi 12, na mara moja ilifika siku 17, damu ya mabonge, hata shuleni haendi. Ameota vinywele kidevuni na shingo yake imekuwa nyeusi kama uchafu, tunasugua haitoki. Shangazi zake wanasema ni chango la uzazi. Mtu mmoja ametuuzia unga wa kusafisha kizazi na kurekebisha homoni, ametumia mwezi mzima hakuna nafuu. Nimeogopa pia kumpeleka kwenye kipimo cha ultrasaundi, maana bado ni mwali.

Waaleikum salaam mama mwenzangu. Ule unga uusimamishe leo. Anayeuza dawa ya kurekebisha homoni bila kupima hata homoni moja hajui anarekebisha nini, na mji wa mimba hauna uchafu unaohitaji kusafishwa kwa unga. Shangazi zake wameona kweli kwamba mtoto anaumwa. Jina tu ndilo lililowapotosha.

Na shingo pia acheni kuisugua. Weusi ule si uchafu. Ni dalili inayoonekana kwenye ngozi ya shingo, kwapa na mapaja pale damu inapokuwa na insulini, homoni inayosimamia sukari mwilini, nyingi kupita kiasi, na insulini hiyo ndiyo kiungo kati ya unene wa binti yako na hedhi yake.

Mafuta ya mwili hayakai tu kama mzigo. Hutengeneza estrojeni kwa kuzigeuza homoni nyingine, nayo estrojeni hii haina mpangilio wa kupanda na kushuka kama ile ya ovari. Unene pia huufanya mwili usiisikie insulini vizuri, kongosho huongeza kuitoa, na insulini ikizidi huzisukuma ovari zitoe homoni za kiume zaidi ya kawaida, huku ini likipunguza protini inayozishika homoni hizo zisizurure katika damu. Matokeo yake mayai huanza kukua na kuishia njiani bila kupevuka. Yai lisipopevuka hakuna projesteroni, na bila projesteroni ukuta wa mji wa mimba huendelea kujengwa na estrojeni kwa miezi, ukawa mnene, kisha ukaporomoka vipande vipande. Hizo ndizo siku zake 12 na mabonge yake. Vinywele vya kidevuni ni kazi ya zile homoni za kiume. Hata kuvunja ungo mapema kunaendana na hayo, kwa kuwa wasichana wenye uzito mkubwa mara nyingi hutangulia wenzao.

Kwa maelezo yako naona dalili za tatizo la ovari zenye vifuko vingi. Hospitalini ndiko litakakothibitishwa au kukataliwa, lakini usishtuke ukilisikia, kwani Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba linawapata takriban mwanamke 1 kati ya 10, na wengi wao hawajijui. Vile vifuko ni mayai yaliyosimama njiani. Si uvimbe wa kukatwa. Madaktari wa Chicago walioueleza ugonjwa huu mwaka 1935, Stein na Leventhal, waliwafanyia wagonjwa wao upasuaji wa ovari, lakini leo hatuanzii huko. Niongeze kwamba wapo pia wasichana wembamba wenye tatizo hili hili, ili msomaji mwembamba mwenye dalili hizi asijione hayumo.

Kuhusu ultrasaundi, ondoa hofu kabisa. Kwa msichana ambaye hajaguswa, kipimo hufanyika juu ya tumbo, kibofu kikiwa kimejaa maji, na hakuna kinachoingizwa ukeni. Tena mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2023 unashauri kwamba ultrasaundi isitumiwe kuthibitisha tatizo hili kwa msichana ambaye hajatimiza miaka 8 tangu avunje ungo, kwa sababu katika umri huo hata ovari nzima huonyesha vifuko vingi. Kwa wasichana hao hutazamwa mambo mawili pamoja: hedhi isiyo na mpangilio na dalili za homoni za kiume kuzidi, baada ya kuhakikisha kwamba tezi ya shingo na prolaktini hazina kasoro. Waombe wampime pia sukari na wingi wa damu. Upungufu wa damu ni jambo la kawaida mno nchini mwetu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 na 2016 uliukuta kwa asilimia 45 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49, na msichana anayetoka damu siku 12 ana kila sababu ya kuwa miongoni mwao. Akijaza pedi moja kila saa kwa saa kadhaa mfululizo, au akapumua kwa shida na midomo kupauka, mpelekeni usiku huo huo bila kusubiri kukuche.

Zile siku 17 zimenifanya niseme neno la pembeni. Najua kwamba kwa wafuasi wa madhehebu ya Shafii, ambao ni wengi katika mkoa wetu, damu inayozidi siku 15 inaingia katika hukumu za istihadha, yaani damu isiyohesabiwa kuwa hedhi, na mama wengi humpeleka binti kwa ustadhi ili kuuliza habari ya swala. Ni sawa kuuliza. Lakini damu iliyozidi siku 8 tayari inatosha kumpeleka mtu hospitali, na safari hizo mbili hazizuiani.

Matibabu yapo. Daktari anaweza kumpa vidonge vya homoni kwa muda, na hapa naomba mama usilisikie neno "uzazi wa mpango" ukaghadhibika. Kwa binti huyu ni dawa ya kuuzuia ukuta wa mji wa mimba usijengeke kwa miezi bila kuporomoka, jambo ambalo likiachwa kwa miaka mingi huongeza hatari ya saratani ya ukuta huo. Wengine hupewa metformini, dawa ile ile ya kisukari, ili mwili uisikie insulini. Pamoja na dawa, uzito ukipungua kwa asilimia 5 hadi 10 mara nyingi hedhi huanza kujipanga. Kwa kilo 84 hiyo ni kilo 4 hadi 8. Naisisitiza tarakimu hii kwa sababu wasichana wengi hukata tamaa wakidhani ni lazima wafikie umbo la mwingine.

Usimnyime chakula, soma barua ya kwanza uone njaa inavyofanya. Anzeni na vinywaji, kwa kuwa soda moja ya mililita 350 ina sukari ya takriban vijiko vidogo 9, na chai ya asubuhi na jioni yenye vijiko vinne vinne inaongeza mengine. Maandazi na vitumbua vya kila asubuhi vipishe muhogo wa kuchemsha, kunde au mbaazi, nayo machungwa ya Muheza ayale badala ya kuyakamua. Sahani yake iwe na samaki na mboga nyingi, wali uwe robo ya sahani, na familia nzima ile hivyo hivyo, maana mtoto mmoja akitengewa chakula chake peke yake hujiona ameadhibiwa. Atembee nusu saa au zaidi kila siku, mkiweza muwe wawili. Na hilo la mwisho ni ombi langu kwako na kwa shangazi zake: asiitwe jina la unene, hata kwa mapenzi. Mtoto anayeona aibu ya mwili wake hula kwa kujificha na huficha hata siku anazotoka damu.

Shikamoo. Nina miaka 15, naishi Makorora. Nilianza hedhi mwaka mmoja na nusu uliopita. Mimi ni mwembamba tangu utotoni, kilo 46, urefu sentimita 158. Miezi mitatu iliyopita mzunguko wangu ulikuwa siku 33, kisha 41, kisha 28. Wenzangu wanasema kwa wembamba huu nitakuwa tasa.

Marahaba mjukuu wangu. Huna ugonjwa katika hayo uliyoyaandika. Katika miaka ya mwanzo baada ya kuvunja ungo, mzunguko wa siku 21 hadi 45 ni wa kawaida, kwa kuwa ubongo na ovari bado vinazoeana, na mingi ya mizunguko hiyo haina yai lililopevuka. Ikifika mwaka wa tatu, wengi huwa kati ya siku 21 na 35. Uzito wako kwa umri na urefu wako uko ndani ya kawaida. Kwa aliye chini ya miaka 19 hatutumii mipaka ya watu wazima bali chati ya umri wake. Mwembamba wa asili anayekula akashiba na ambaye uzito wake haushuki hafanani na mtu aliyekonda kwa kujinyima.

Endelea kuhesabu kama unavyofanya, kuanzia siku ya kwanza ya damu hadi siku moja kabla ya damu inayofuata. Ukipita siku 90 bila kuona, au damu ikizidi siku 8, mwambie mama mwende zahanati. Na wale wasichana wenzako ambao hawajavunja ungo wajue kwamba kusubiri si aibu, ila msichana akifikisha miaka 15 bila hedhi yoyote anapaswa kuchunguzwa.

Nina miaka 24, nimeolewa, niko Ngamiani, nina mtoto mmoja. Natumia sindano ya uzazi wa mpango mwaka wa pili sasa. Hedhi imekatika na nimetoka kilo 62 hadi 71. Mama mkwe anasema damu isiyotoka inageuka mafuta, na kwamba ninywe mitishamba ya kuifungulia. Ni kweli?

Mwanangu, hakuna damu iliyofungwa ndani yako. Sindano ya miezi mitatu huzuia yai lisipevuke na kuufanya ukuta wa mji wa mimba ubaki mwembamba, hivyo hakuna kinachojengwa cha kuporomoka. Baada ya mwaka mmoja wa kuitumia, karibu nusu ya wanawake hawaoni hedhi kabisa, na hali hiyo haina madhara kwa kizazi. Mitishamba ya kufungulia haina cha kufungulia. Mjibu mama mkwe kwa adabu, kwani hofu yake ni ya kukutakia wajukuu.

Uzito ni kweli huongezeka kwa baadhi ya wanaotumia sindano hii, kwa wastani wa kilo 1 hadi 2 kwa mwaka. Wewe umeongeza 9 kwa miaka miwili, kwa hiyo sindano inaweza kuwa na sehemu yake, lakini tazama pia chakula na mwendo wako tangu ujifungue. Kama kuna safari uliyochelewa kuchomwa, pima mimba kwanza.

Ukitaka mtoto wa pili karibuni, fahamu kwamba uwezo wa kushika mimba hurudi taratibu baada ya sindano hii, kwa wastani miezi 10 tangu ya mwisho, na hedhi nayo inaweza kukawia. Ikiwa unachotaka ni kuendelea kupanga bila homoni, kipo kitanzi cha madini ya shaba, ambacho hakikati hedhi wala hakiongezi uzito, ila katika miezi ya mwanzo damu huwa nyingi na ya siku zaidi, hivyo pima kwanza wingi wa damu. Sindano yako hudumu wiki 13. Nenda kliniki kabla hazijaisha, ukiwa na kadi yako, ili njia moja ishike pale nyingine inapoachia.